Kioo Namba Saba

"We dada wa visigino! Hilo si zulia la sebuleni kwenu!"

Ilikuwa siku ya mechi, na uwanja ule mkongwe ulifurika hadi watu wakawa wanapumua kwa zamu. Mhandisi alikuwa ametoka mkutanoni moja kwa moja, na blauzi yake ya manjano na sketi ya kubana, na ili kuukwepa msukumano wa mlangoni akakatiza kwenye kona ya nyasi. Aligeuka na jibu kali ulimini, akamkuta mwanamume mrefu wa ovaroli ya kijani, amechuchumaa, anafukia kwa kidole kila tundu lililoachwa na visigino vya mhandisi.

"Samahani, kaka. Sikujua."

"Nyasi hazina mdomo, ndiyo maana nasema mimi." Akainua uso, akacheka. "Ila wewe naona zimeshakusamehe."

Loo! Mtu na digrii zake mbili, akasahau hata alichofuata pale.

Mashabiki walimwita Bwana Nyasi. Aliutunza uwanja huo miaka kumi na miwili, na kabla yake babake. Mhandisi naye alitumwa na bodi ya michezo kupima jukwaa la mashariki. Likiwa bado na nguvu, uwanja ungekarabatiwa. Likiwa linaendelea kupasuka, wote ungebomolewa na mpya kujengwa nje ya mji. Hakumficha. Alimwambia wiki ileile, wakinywa chai kwenye stoo ya mashine za kukatia nyasi, naye Bwana Nyasi akaguna tu, akamwongezea sukari.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Alibandika vipande kumi na viwili vya kioo chembamba juu ya nyufa, kila kimoja na namba yake kwa mwandiko wake mwenyewe. Ufa ukitulia, kioo hubaki kizima, ukitanuka, hukatika. Ni kungoja wiki sita, na wiki sita, jamani, zinatosha kabisa kuwapoteza watu wawili katika mapenzi.

"Injinia wangu, umeamkaje?" Simu iliita kila asubuhi kabla hata ya jogoo.

"Nimeamka nakuwaza. Umenifanyia nini wewe?"

"Mimi? Namwagilia tu. Kinachoota ni chako."

Hata shangazi yake, aliyemlea, alishtukia. "Wewe unapima jukwaa au unapimwa?"

"Shangazi, bwana!"

"Bwana ndiye huyo ninayemuulizia."

Basi zikabaki siku nne bodi ikutane. Mhandisi akapanda ngazi kusoma vioo. Namba saba kilikuwa kizima, safi, kinang'aa. Lakini ile saba haikuwa mwandiko wake.

Alimkuta Bwana Nyasi akichora mistari ya chokaa. "Namba saba umeiandika wewe?"

Mwanamume akanywea. "Nilikigonga kwa ngazi nikifunga bendera. Kikakatika. Nikasema, wakikiona watatubomolea uwanja. Nikabandika kingine."

"Na vile kumi na kimoja?"

"Sijavigusa, haki ya Mungu!"

"Nitajuaje? Ungeniambia, ningeandika kimegongwa, yakaisha. Sasa vyote havina maana. Na mimi je? Ile chai, zile simu, nilikuwa mimi au lilikuwa jukwaa?"

"Ni wewe, mpenzi wangu!"

"Usiniite mpenzi."

Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo, lakini anayeumia zaidi si mwongo peke yake. Mhandisi alilia ndani ya gari mpaka kola ikalowa. Simu ikaita mara tisa. Akaifunika kiganjani, asiione.

Siku ya bodi alisimama kuwaeleza kwamba hana vipimo vya kuaminika. Hajafungua mdomo, mlango ukagongwa. Akaingia Bwana Nyasi ndani ya suti ya kuazima, mikono ya koti imemfika vidoleni.

"Waheshimiwa, kioo nilikivunja mimi na nikadanganya mimi. Injinia hakujua. Kama ni kunifukuza, nifukuzeni. Ila mpeni wiki sita nyingine apime upya, nami nisionekane karibu na jukwaa hilo."

Mwenyekiti, ambaye michoro ya uwanja mpya alikuwa ameshaitundika ukutani, alifoka mpaka akakohoa. Mwishowe Bwana Nyasi alipewa onyo la mwisho, na mhandisi akapewa wiki sita, akabandika vioo vipya kumi na viwili. Moyo wake ulilainika, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hakumpigia.

Alimpigia asubuhi ya mwisho ya zile wiki sita. "Njoo jukwaani. Utasoma wewe, mimi nitaandika."

"Si nimekatazwa?"

"Nimekuombea ruhusa. Njoo."

Alipanda. Kutoka chini mhandisi aliona soli za mabuti tu. Vioo havikuonekana kabisa.

"Moja, kizima! Mbili, kizima!" Sauti ilikuwa ikichangamka kwa kila namba. Ilipofika saba, ikanyamaza.

"Vipi huko?"

"Saba... Kimekatika, Injinia. Katikati kabisa. Hakuna aliyekigonga. Andika."

Mhandisi aliandika huku machozi yakimlenga. "Endelea."

Vilivyobaki vilikuwa vizima. Bwana Nyasi alishuka taratibu kama mtu aliyetoka mazishini. "Basi ndiyo wanabomoa."

"Nani kakwambia? Ufa mmoja ni nguzo moja. Itaongezewa chuma, na uwanja utabaki."

Akaketi kwenye ngazi za jukwaa puu! Akacheka, akalia, akacheka tena. "Mbona hukuniambia kabla sijapanda?"

"Nilitaka nikusikie utasema nini."

"Na ningedanganya kuwa ni kizima?"

"Ningepanda mwenyewe, nikaandika ripoti, nikaenda zangu."

"Na sasa?"

"Sasa njoo nyumbani Jumapili. Shangazi anataka kumwona huyo anayenioa."

"Mbona sijakuomba bado!"

"Basi omba upesi, nina ripoti ya kuandika."

Akaomba palepale, machozi hayajakauka, na mhandisi akasema ndiyo kabla hajamaliza.