Nyuki Ukutani mwa Hulda

Hulda na mumewe Hudson waliishi katika kijiji cha wakulima kando ya mto Tana, si mbali na Garsen. Nyumba yao ya kwanza, ya udongo, ilibebwa na mafuriko pamoja na migomba yote. Maji yalipopungua, watu walihamia juu, mahali ambapo mto haufiki. Huko Hudson akajenga upya kwa mikono yake. Nje alipiga mabati. Ndani alipiga mbao nyembamba, ili joto la mabati lisiwachome. Kati ya mabati na mbao palibaki nafasi ya kama shubiri moja.

"Mama Salama," alimwambia mkewe siku waliyohamia, "hii haiendi popote."

Maisha yakarudi polepole. Asubuhi Hudson alishuka shambani kupalilia migomba michanga. Hulda alimpeleka shule binti yao Salama, kisha akaenda kuchota maji. Mama mzazi wa Hudson alibaki nyumbani akisuka mikeka. Alikuwa ameshakula chumvi nyingi, na goti lake moja lilikuwa bovu. Akishaketi, kuinuka kulikuwa kazi.

Siku moja Hulda alikuwa akianika nguo nyuma ya nyumba. Akaona nyuki wakiingia kwenye tundu dogo, pale mabati mawili yalipokutana. Alimwita mumewe.

"Baba Salama, nyuki wanaingia ukutani."

Hudson akaja, akatazama. "Ni wachache hawa. Waache, wanapita tu."

Hawakupita. Walizidi. Baada ya majuma kadhaa, mtu akilala karibu na ukuta alisikia mvumo ndani ya mbao, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Mama alisema watafutwe watu wanaojua nyuki. Hudson alisema atawatafuta akimaliza palizi. Kila siku palizi haikuisha.

Kisha nyuki mmoja akamuuma Salama kwenye kope. Jicho la mtoto likavimba, likafumba kabisa. Hulda akapandwa na hasira.

"Sasa unangoja nini, Baba Salama? Unangoja wamuue mtoto?"

Hudson alimtazama binti yake, akatoka nje.

Kesho yake alikwenda Garsen, akarudi na dawa ya kupulizia mbu na mende. Jua lilikuwa la utosi. Salama alikuwa shule na Hulda alikuwa ameenda kuchota maji. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya nyumba, na mbuzi wao alikuwa amefungwa kwenye kigingi hapo karibu. Hudson akapuliza ile dawa ndani ya tundu. Nyuki wachache wakaanguka. Wengine wakatoka wakivuma kwa ukali. Hudson akachukua kitambaa, akakichovya kwenye mafuta ya taa, akakifunga kwenye fimbo. Akakiwasha na kukisukuma pale tunduni.

Kundi zima likamwagika nje.

Hudson akatimua mbio. Alikimbia hadi nyumbani kwa jirani yao Kache, akaingia na kufunga mlango. Alikuwa ameumwa mara chache tu. Angebaki pale, yangekuwa yamekwisha. Lakini akasikia sauti ya mama yake.

"Hudson! Hudson, mwanangu!"

Kache alimshika mkono. "Usirudi! Ngoja nikupe blanketi!"

Hudson hakungoja. Alirudi akiwa kifua wazi, bila kitu kichwani. Mama alikuwa amejitahidi kuinuka, akaanguka. Nyuki walikuwa wamemfunika usoni. Hudson akamzungushia ule mkeka kuanzia kichwani hadi magotini, akambeba kama mtoto. Alitembea naye, maana kukimbia na mzigo ule hakuweza. Njia yote mama alikuwa ndani ya mkeka, naye alikuwa nje.

Hulda aliposikia mayowe alitupa mtungi. Alipofika kwa Kache, alimkuta mama mkwe akilia taratibu, uso umevimba, lakini anapumua vizuri. Hudson alikuwa ameketi sakafuni. Mgongo wake ulikuwa mweusi kwa miiba ya nyuki. Kache alikuwa akiichomoa kwa vidole, mmoja mmoja.

"Mama yuko salama," Hudson alisema. Midomo yake ilikuwa minene, na alijaribu kucheka. "Mbuzi ndiye amekufa."

"Twende hospitali," Hulda akasema.

"Kwa sababu ya nyuki? Watu wataniona vipi? Nipe chai ya rangi, nilale. Kesho nitakuwa mzima."

Alikunywa chai, akaitapika. Akalala pale pale kwa Kache, akitetemeka. Hulda alikaa kando yake akimpepea kwa leso. Kulipokucha, Hudson alikwenda haja ndogo, akarudi ameshika ukuta.

"Mama Salama," akasema kwa sauti ya chini. "Mkojo wangu ni mweusi."

Hapo Hulda hakuuliza tena. Aliita pikipiki. Akapanda nyuma ya mumewe, akamzungushia mikono asianguke. Njia nzima alihisi joto la ule mgongo kifuani mwake.

Hospitalini walipokewa haraka. Muuguzi mmoja alihesabu mapigo ya moyo, akatazama mkojo. Walimtundikia maji ya mshipa. Kisha muuguzi akamwita Hulda pembeni.

"Ameumwa lini?"

"Jana mchana."

"Mwiba mmoja una sumu kidogo, mama. Lakini akiumwa na nyuki wengi namna hii, sumu inaharibu misuli na kuziba figo. Mtu anaweza kuonekana mzima kwa saa nyingi huku ndani anaungua. Inabidi apelekwe hospitali yenye mashine ya kusafisha damu. Mngemleta jana ileile..." Hakumalizia.

Gari la wagonjwa likaondoka. Hudson alikufa njiani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Kabla ya hapo alisema neno moja tu. Alimwuliza kama mama amekula.

Walimzika karibu na shamba, mahali ambapo migomba ilikuwa imeanza kutoa majani mapana. Hulda, Salama na mama walikaa kwa Kache, kwa sababu nyuki walikuwa bado ukutani. Moto uliwaua wale wa pale tunduni tu. Ndani kundi lilikuwa hai, na mvumo ulisikika kama mwanzo.

Ndugu wa Hudson walikutana. Wakasema nyumba ichomwe pamoja na nyuki wake.

"Haichomwi," Hulda akasema.

"Shemeji, hawa wameua mtu."

"Najua wamemuua nani. Lakini kila msumari pale ameupiga yeye. Mkiichoma, mnataka niishi wapi, na nimkumbuke kwa kitu gani?"

Nyumba ikaachwa.

Siku chache baadaye alikuja mwanamke mmoja Muorma, jina lake Barwako. Aliishi upande wa wafugaji, na alifuga nyuki pamoja na wanawake wenzake. Alileta maziwa kwenye kibuyu. Akaketi chini kando ya Hulda.

"Pole, dada," akasema. "Mimi nilisikia habari. Mimi najua nyuki. Kama wewe unataka, nitawatoa."

Hulda alimtazama kwa macho makavu. "Ulikuwa wapi siku ile?"

"Nilikuwa kwangu. Hakuna mtu aliniita."

Hulda akainamisha kichwa. "Hatukujua kama kuna mtu wa kuitwa." Kisha akauliza lile lililomkosesha usingizi. "Dada Barwako, mimi ndiye niliyemwambia awatoe. Nilimpigia kelele. Ni mimi niliyemuua?"

"Hapana. Wewe ulikuwa mama anaogopa kwa mtoto wake. Na yeye alikuwa baba. Ninyi mlikosa kujua tu, basi. Nikuambie?"

"Niambie."

"Nyuki hapendi vita. Yeye analinda nyumba yake, kama sisi. Ukimpulizia dawa, ukimtupia mawe, ukimchoma, yeye anatoa harufu. Harufu hiyo inaita wenzake wote. Na mchana wa jua kali ndiyo wakali zaidi. Kwa hivyo ukiona nyuki wanaingia ukutani, usiguse. Usizibe tundu, maana watatafuta njia ya kutokea chumbani kwako. Toa watoto, wazee na wanyama, wakae mbali na hapo. Mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia. Kisha ita mtu wa nyuki mapema, wakati bado ni wachache."

"Na kama wameshatoka?"

"Funika kichwa na uso kwa nguo yoyote. Kimbia, usisimame kuwapiga. Ingia nyumba, funga mlango. Usiruke ndani ya maji, watangoja juu yako. Na mtu akiwa hawezi kukimbia, wewe jifunike mwili kwanza, halafu umfuate."

Hulda alifumba macho. Alikiona kile kifua wazi.

"Miiba itoe upesi," Barwako aliendelea polepole. "Ikwangue kwa ukucha, ukishaingia nyumba salama. Na mtu akiumwa na wengi, hospitali saa hiyo hiyo. Hata kama anacheka. Na mwingine hata nyuki mmoja anatosha. Akivimba uso, akikosa pumzi, akitapika, akizimia, usingoje hata chai."

"Angefika mapema angepona?"

Barwako hakumdanganya. "Sijui, dada. Mungu ndiye anajua. Lakini wangempigania mapema."

Hulda alilia sana, na Barwako hakumkataza.

Walichagua jioni, jua linapotua na nyuki wengi wamerudi ndani. Majirani waliambiwa wafunge milango. Barwako alikuja na nguo mbili nzito zenye wavu wa usoni, glavu, mzinga wa mbao na bomba la kufukiza moshi.

"Nataka kuona," Hulda akasema.

"Vaa hii. Tembea taratibu. Usipumue kwa nguvu karibu nao."

Barwako alifukiza moshi kidogo tundu lile, moshi baridi wa majani makavu. Akangoja. Kisha akang'oa misumari ya bati moja, akalifungua kama mtu anayefungua pazia. Ndani yalining'inia masega, marefu, meupe na ya kahawia, yamejaa nyuki. Alikata sega moja baada ya jingine. Yenye watoto wa nyuki aliyafunga kwa uzi kwenye fremu, vile viunzi vya mbao vya ndani ya mzinga. Ya asali aliyatia kwenye ndoo na kuifunika. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Malkia huyu hapa," akanong'ona. "Huyu akishaingia, wengine watamfuata."

Kweli wakamfuata. Waliingia mzingani kwa safu, kama watoto wanaorudi darasani. Hakuna aliyeumwa.

Hulda alisimama akiwatazama. "Ni hivi tu?" akauliza.

"Ni hivi tu, dada."

"Kazi yenyewe ni hii tu?"

Barwako aliweka mkono wenye glavu kwenye bega la Hulda, na wawili hao wakasimama hivyo mpaka nyuki wa mwisho akaingia.

Kabla ya jua kuchomoza, mzinga ulizibwa kwa wavu, ukapelekwa mbali, kwenye msitu wa mtoni usio na nyumba. Asubuhi Barwako alimfundisha Hulda kazi ya mwisho. Walikwangua nta yote iliyobaki, wakaosha kwa sabuni mpaka harufu ikaisha. Harufu ya nta ikibaki, kundi jingine huja. Kisha wakajaza ile nafasi kwa udongo wa kushindilia, wakapiga bati tena, na kuziba kila tundu, hata lile la kuingia kidole tu. Wakazunguka nyumba yote namna hiyo, ukuta kwa ukuta.

Hulda, Salama na mama wakarudi nyumbani. Ukuta ulikuwa kimya. Mama alikaa siku nyingi bila kugusa ukindu wa mikeka yake. Kisha siku moja akaanza kusuka tena, bila kusema kitu. Hulda naye alijiunga na kina Barwako kujifunza nyuki. Wengine walishangaa. Yeye hakuwaeleza mengi. Kanisani, shuleni na mahali pa kuchotea maji, alisema neno lilelile: "Ukiwaona ukutani, usiguse. Niite."

Mwaka uliofuata, wakati wa joto, Bushra wa upande wa pili wa kijiji alikuja mbio.

"Hulda, nyuki wako kwenye ukuta wa jikoni, na Sadik anatafuta mafuta ya taa!"

Hulda alimkuta Sadik, mume wa Bushra, ameshika chupa mkononi.

"Shemeji Sadik, weka chini hiyo."

"Nitamaliza upesi tu."

"Hudson pia alitaka kumaliza upesi."

Sadik alimtazama. Akaiweka chupa chini. Hulda akawatoa watoto, akawafungua mbuzi, akampigia simu Barwako. Jioni wakafanya kazi pamoja, Hulda akishika masega na Barwako akishika moshi. Giza lilipoingia, ukuta ulikuwa mtupu na hakuna aliyeumwa.

Hulda akavua ule wavu wa usoni, akaaga. Alipopita nje ya dirisha, alimsikia Sadik ndani akimlalamikia mkewe.

"Bushra, huu ugali umepoa."

"Si ulikuwa unachungulia nyuki? Kula hivyohivyo."

Sadik akacheka, na watoto wakacheka naye. Hulda alisimama kidogo gizani, akisikiliza mwanamume anayekula chakula chake. Kisha akajifunga leso vizuri, akashika njia ya kwake.