Maoni ya Kitabu Asichokisoma

Kila siku baada ya masomo, Jovelyn alipita kwenye chumba cha kusomea cha mtaa wao wa Molo, akavua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya vitabu vipya. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa kusoma hakuna aliyemfikia. Kila kitabu pale kilikuwa na kadi ndani ya jalada, na aliyekimaliza aliandika humo maoni yake. Watoto wa Molo hawakuazima kitabu kabla ya kuangalia Jovelyn amesemaje.

Wiki ile viliwekwa rafuni vitabu vitatu vipya, vilivyoletwa mwezi uliopita kwa majaribio kutoka maktaba ya mjini. Cha kwanza kilihusu nyumba inayoongeza mlango mmoja kila mvua inaponyesha. Jovelyn aliandika: "Nilikisoma nikiwa nimekunja miguu kitandani. Mwandishi anajua kutisha bila kumwaga damu. Ila baba wa nyumba hiyo ni mjinga, mlango wa saba angeuacha umefungwa." Cha pili kilikuwa cha mapenzi, cha dereva kiziwi na muuza samaki. Aliandika: "Wanapendana tangu ukurasa wa kumi, wanaambiana ukurasa wa mia mbili. Nilitaka kuingia humo niwaambie mimi. Hata hivyo nililia."

Cha tatu kiliitwa *Mshumaa wa Pili*. Alipokuwa akisoma nyuma ya jalada, Rexon, jirani yake na mwenzake wa darasani, alichungulia begani kwake.

"Hee, hicho si cha wanawake wawili wanaopendana?" alisema kwa sauti ya kusikiwa na chumba kizima. "Kisome basi, tukuone."

Wavulana wawili walicheka. Jovelyn aliona aibu, na ile aibu ikamfanya mwongo. Alichomoa kadi akaandika mbele yao: "Nimekisoma chote. Hakitishi, hakichekeshi, hakina lolote. Msijisumbue." Akakirudisha kwenye rafu, na hakuna aliyekigusa tena.

"Kitabu ambacho hakitaazimwa hadi Jumamosi kitarudi mjini," Mwalimu Nenita aliwakumbusha. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia chumba tangu Bibi Consorcia, aliyekianzisha, afariki wiki mbili zilizopita.

Jumanne mvua ilinyesha tangu asubuhi na umeme ukakatika. Chumba kilikuwa na giza la mchana, maji yakitiririka kwenye mabati. Bila kujua kwa nini, Jovelyn alikifungua tena kile kitabu, akaona chini ya maoni yake pameandikwa kwa penseli ya kijani:

"Umefika ukurasa gani?"

Penseli ya kijani ilikuwa ya Bibi Consorcia. Miaka yote aliichomeka nyuma ya sikio, na hakuna mwingine aliyeitumia. Jovelyn alimtazama Mwalimu Nenita, ambaye alikuwa akiandika kwa kalamu ya wino, kisha akatazama kiti cha marehemu pale dirishani. Mto wake ulikuwa umebonyea katikati, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

Hapo akakumbuka kosa lake. Molo nzima inajua kwamba mtu akitoka msibani haendi nyumbani moja kwa moja. Hupita kwanza dukani au kwenye duka la mikate, akaketi kidogo, ili marehemu asimfuate hadi mlangoni. Usiku wa msiba wa Bibi Consorcia mvua ilikuwa kubwa, na Jovelyn alikimbia moja kwa moja hadi kwao. Hakupita popote.

Aliandika haraka: "Mwisho." Akafunga kitabu, akaondoka bila kuaga.

Jumatano jibu lilikuwepo, mwandiko uleule mwembamba: "Kama umefika mwisho, mshumaa wa pili aliuwasha nani?"

"Rexon," alinong'ona, "wewe ndiye unayeandika humu?"

Rexon alisoma, na uso wake ukabadilika. "Mimi? Kwa mwandiko huu? Dada, huu ni wa Bibi. Ulipotoka msibani ulipita wapi?"

"Sikupita popote."

"Basi umekuja naye," alisema Rexon, na safari hii hakuwa anatania. "Mjibu. Si umekisoma?"

Jovelyn aliirudisha kadi ndani ya jalada. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Aliyeandika, awe hai au awe mfu, alikuwa anajua kwamba hajasoma hata ukurasa mmoja.

Alhamisi aliweka sahihi ya kwanza kwenye kadi ya kuazima, iliyokuwa bado tupu, akakipeleka kitabu nyumbani chini ya koti la mvua. Alisoma barazani mama yake akipika supu, akasoma tena Ijumaa alfajiri. Kilikuwa cha kutisha kweli. Mwanamke mmoja amefiwa na mwenzake aliyeishi naye kwa mapenzi miaka mingi. Kila jioni anamwashia mshumaa mmoja dirishani. Siku moja anakuta mishumaa miwili inawaka. Anafunga milango, anafunga madirisha, na kesho yake bado ni miwili. Jovelyn alisikia kijiko cha mama kikigonga sufuria akaruka.

Karibu na mwisho ndipo jibu lilipotoka. Hakuna aliyeingia. Mshumaa wa pili aliuwasha yeye mwenyewe bila kufahamu, kwa sababu mikono yake ilizoea kufanya kila kitu kwa ajili ya wawili. Jovelyn alilia mpaka herufi zikachanganyika. Akafungua ukurasa wa mwisho kabisa, ule usio na chapa. Palikuwa na maandishi ya kijani, mistari mitatu. Alisoma neno la kwanza, ambalo lilikuwa jina la mtu, akafunga kitabu asisome zaidi. Yale hayakuwa yake.

Ijumaa baada ya masomo alimkuta Bibi Pilar kwenye kile kiti cha dirishani. Bibi Pilar ndiye aliyekuwa akivisha vitabu majalada ya plastiki, na alikuwa ameishi na Bibi Consorcia nyumba moja kwa miaka thelathini na minane. Mtaani waliitwa kwa pamoja, kama jina moja. Tangu mazishi, watu walisema, alikuwa hatoki nje. Kumbe kila asubuhi, kabla watoto hawajafika, alikuja kuketi hapo. Nyuma ya sikio lake ilikuwepo penseli ya kijani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo nilikusubiri. Umefika ukurasa gani?"

Rexon na wenzake walikuwa wakisikiliza. Jovelyn alitamani kusema uongo mara nyingine, uongo mdogo tu, lakini alikuwa amechoka kuogopa.

"Nilipoandika yale maoni nilikuwa sijakisoma, bibi. Niliogopa kuchekwa. Sasa nimekisoma chote. Mshumaa aliuwasha mwenyewe."

Bibi Pilar aliitikia kwa kichwa taratibu. "Nilijua. Jalada nimelivisha mimi, na kitabu kilichosomwa plastiki yake hulegea mgongoni. Hiki kilikuwa bado kigumu. Consorcia alikisoma kabla sijakivisha, akiwa mgonjwa kitandani, akaniambia nami nikisome hadi mwisho. Nilishindwa. Nikasema angalau asome mwingine, nikakuuliza kwa penseli yake; kwa miaka yote ile hata miandiko yetu ilifanana."

"Bibi, mwisho kabisa kuna kitu chako."

Alimfungulia ule ukurasa. Bibi Pilar aliusogeza karibu na macho, akausoma kwa sauti ndogo, na mwandiko ulikuwa ule wa mkono dhaifu: "Pilar, ukitoka kunizika usiende nyumbani moja kwa moja. Pita kwa watu kwanza. Uketi nao."

Bibi Pilar alifuta macho kwa ncha ya kitambaa, wala hakujificha.

"Kesho kingerudi mjini," alisema Rexon. "Kwa sababu yangu pia."

"Ndiyo," alisema bibi. "Jovelyn, watu wanakuamini, kwa hiyo neno lako linaweza kufunga kitabu. Ukisema umesoma, uwe umesoma. Usipokipenda baada ya kukisoma, sema, ni haki yako. Ila usitoe ushahidi wa jambo usilolijua, kwa kuwa huwezi kujua humo ndani mtu amemwachia nani neno. Na wewe Rexon, kicheko chako kimemfunga mdomo mwenzio. Usifanye hivyo tena."

"Nisamehe, bibi," walisema wote wawili.

Jovelyn alichukua kadi mpya, akaandika mbele ya kila mtu: "Maoni ya kwanza yalikuwa ya uongo, nilikuwa sijakisoma. Kinatisha, na ni cha mapenzi. Someni hadi ukurasa wa mwisho."

Rexon aliweka sahihi yake chini ya ile ya Jovelyn. Kisha Bibi Pilar akainuka, akavaa kandambili zake, akasema ana njaa. Walifuatana naye hadi duka la mikate la kona, wakaketi wote meza moja, na ilikuwa giza walipomsindikiza kwake.