Kopo la Krimu la Ndinda

Kila Jumamosi Nzilani alikuwa na kazi tatu, na alizifanya kwa mpangilio uleule: kuteka maji bombani, kupiga deki, kisha kumpelekea baba yake chai uani. Baba yake, Mzee Kiema, alikuwa mchongaji wa vinyago na viti. Ua wao mdogo pale mtaa wa Mbotela ulijaa vipande vya mbao na vumbi la msasa, na Mama hakuchoka kulalamika kwamba vumbi hilo lilikuwa linaingia hadi kwenye sufuria ya ugali.

Jumamosi hii Nzilani alipiga deki mahali pamoja mara tatu bila kujua. Mawazo yake yalikuwa kwa dada yake mkubwa, Ndinda, ambaye saa nne angekwenda kliniki ya ngozi huko Donholm.

Ndinda alikuwa karani katika bohari moja Industrial Area. Chunusi za ujanani zilikuwa zimemwachia vishimo mashavuni na madoa meusi kidevuni. Sasa zilibaki wiki saba tu kabla ya ntheo yake, ile siku ambayo jamaa za mchumba huja na mbuzi nyumbani kwa msichana, na alitaka awapokee akiwa na uso laini.

"Kwa nini uende Donholm?" Mzee Kiema alimtania huku akipuliza vumbi. "Njoo hapa nikupige msasa. Utang'aa kuliko hiki kiti."

"Baba, uso wangu si mpingo!" Ndinda alijibu, na wote wakacheka. Nzilani peke yake hakucheka.

Alikuwa na siri. Miezi miwili iliyopita chunusi mbili zilimtokea kwenye paji la uso, na darasani wavulana wakaanza kumwita Pilipili. Ndinda alikuwa na krimu aliyoinunua kwenye duka la dawa, na alikuwa ameshasema wazi, "Hii usiguse." Nzilani aligusa. Siku ya kwanza alichota kwa ncha ya kidole, siku ya pili kwa kidole kizima, na kabla ya mwezi kuisha kopo lilikuwa limeanza kuonyesha kitako chake.

Rafiki yake Shirleen ndiye aliyempa wazo.

"Manze, unalia nini? Enda sokoni upimiwe," alisema. "Si mafuta tunapimiwa? Si sabuni tunapimiwa? Hata krimu wanapima."

"Na dada akijua?"

"Atajua aje? Nyeupe ni nyeupe."

Mtaani kwao kupimiwa kitu kidogokidogo kutoka kwenye chombo kikubwa kulikuwa jambo la kawaida mno, hata Nzilani hakuona ubaya wowote. Alikwenda sokoni na kopo la Ndinda. Muuzaji akafunua ndoo kubwa isiyo na maandishi, akachota kwa kijiko, akalijaza kopo mpaka juu. Nzilani alilirudisha mahali pake na tangu siku hiyo hakuligusa tena.

Wiki mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri ajabu. Wenzake Ndinda kazini walimwambia, "Umeng'aa, siri ni gani?" Nzilani alijipongeza kimoyomoyo. Lakini wiki iliyofuata mashavu ya Ndinda yakaanza kuwa mekundu, na kila alipokaribia jiko alilalamika kwamba uso ulikuwa unamwaka. "Ni jua tu," alisema. Nzilani alijua huenda si jua, lakini alichukua mtungi akatoka kuteka maji.

Mama aliwataka waende pamoja, basi saa nne Nzilani alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha daktari, mkoba wa dada yake mapajani. Daktari Magan, mama wa makamo aliyevaa hijabu ya buluu, aliutazama uso wa Ndinda, kisha akavuta kiti karibu.

"Njia ni tatu," alisema. "Ya kwanza ni leza, yaani mwali wa mwanga mkali. Inafanya kazi haraka, lakini kwa ngozi nyeusi kama zetu, kipimo kikizidi kidogo unaweza kupata madoa mengi kuliko uliyokuja nayo. Ya pili ni sindano ndogondogo. Zinatoboa ngozi kidogo tu ili ijijenge upya. Hiyo ndiyo nzuri kwa vishimo, ila inafanywa mara kadhaa, mwezi baada ya mwezi. Ya tatu ni dawa ya kuchubua. Tunaipaka, tabaka la juu linabambuka, madoa yanafifia. Kuna nyepesi na kuna kali."

"Wewe ungechagua gani, daktari?"

"Sindano, bila haraka."

"Lakini mimi niko na wiki saba tu," Ndinda alisihi. "Tafadhali, nipake hiyo dawa kali leo."

Daktari alifikiri kidogo. "Inawezekana, kama ngozi yako ina nguvu. Uliambiwa uje na kila kitu unachopaka?"

Ndinda alichukua mkoba, akatoa lile kopo. Daktari alisoma maandishi yaliyokuwa nje, akatikisa kichwa kukubali. "Hii naijua, haina neno. Lakini niambie ukweli, hakuna nyingine? Kuna krimu za kufanya mtu awe mweupe ambazo huila ngozi mpaka iwe nyembamba. Nikipaka dawa kali juu ya ngozi kama hiyo itaungua, na kovu lake halitoki."

"Hakuna nyingine, daktari. Ni hii tu. Haki ya Mungu."

"Sawa. Lala hapo kitandani." Daktari akaenda kunawa mikono.

Nzilani alitamani sakafu ipasuke immeze. Akisema, Ndinda atajua kwamba yeye ni mwizi na mwongo, na huenda asimsemeshe tena. Asiposema, dada yake atakwenda kwenye ntheo na uso ulioungua, na atabaki nao maisha yake yote. Daktari alikausha mikono. Akavaa glavu. Akafungua chupa ndogo.

"Daktari, ngoja!" Nzilani alipaza sauti hata akajishtua. "Iliyo kwenye kopo si hiyo iliyoandikwa!"

Nzilani akajikaza na kueleza yote: chunusi zake, kidole chake, ndoo ya sokoni na kijiko. Alipofika mwisho alikuwa analia kwa kwikwi.

Ndinda aliinuka polepole akaketi kitandani. "Nzilani," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulikuwa uniache nichomeke?"

"Nilikuwa naogopa, dada. Lakini nimeshindwa kunyamaza. Nisamehe."

Daktari Magan alifungua kopo, akanusa, akawasha taa kali na kuyachunguza mashavu ya Ndinda upya. Alivua glavu.

"Mishipa midogo imeanza kuonekana. Krimu hii imeanza kuila ngozi yako," alisema. "Lakini tumeigundua mapema. Leo hakuna leza, hakuna sindano, hakuna dawa kali. Utaacha hii kabisa, nitakupa ya kutuliza na ya kuzuia jua, na utarudi kila wiki nikuone. Ngozi ikishapona, tutaanza na sindano."

"Itapona?" Ndinda na Nzilani waliuliza kwa pamoja.

"Itapona. Mdogo wako angenyamaza dakika tano zaidi, nisingeweza kukujibu hivyo."

Ndinda aliushika uso wake kwa mikono miwili, akashusha pumzi ndefu. Kisha akamvuta mdogo wake karibu, ingawa bado alikuwa amemkasirikia, na hilo alimwambia wazi njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mzee Kiema alisikiliza habari yote bila kuweka chini kiti alichokuwa anakilainisha. Safari hii hakutania.

"Nzilani, unakiona hiki kiti?" alisema. "Kabla sijashika msasa, nilimuuliza mteja aliyekileta kimewahi kupakwa nini. Angenidanganya, ningekiharibu, na mimi ni fundi wa miaka thelathini. Daktari naye ni hivyohivyo. Ujuzi wake wote unategemea aambiwe ukweli. Ulikosea ulipochukua kisicho chako, ukakosea zaidi ulipoficha. Leo umesema wakati kusema kulikuwa kugumu, na umemwokoa dada yako. Siku nyingine sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Na kitu cha kupaka mwilini hakipimwi kutoka kwenye ndoo isiyo na jina."

Adhabu hakuikwepa. Alifagia vumbi la msasa mwezi mzima, na jioni hiyohiyo alikwenda na Mama kwa kina Shirleen na kwa majirani kuwaonya kuhusu ile ndoo ya sokoni.

Wiki saba zilipita. Asubuhi ya ntheo, mbuzi wakiwa wanalia nje ya lango, Ndinda alijitazama kwenye kioo. Wekundu ulikuwa umekwisha na uso haukuwaka tena. Vishimo vilikuwa bado vipo, vikisubiri sindano alizopangiwa mwezi wa Januari, lakini ngozi ilikuwa nzima, na alitabasamu kwa meno yote.

Alichukua kopo jipya la duka la dawa, akachota kidogo, akampaka Nzilani kwenye paji la uso.

"Tutatumia pamoja," alisema. "Ikiisha, niambie."

"Nitakuambia hata ikibaki nusu," Nzilani alijibu, na wakatoka kuwapokea wageni.