Nilikata Mkanda wa Kiti cha Mtoto Wangu, Nikamsingizia Mke Wangu

Nina miaka arobaini na mmoja, ni dereva hapa Doha, na mtoto wangu wa pekee hatembei. Kwa miaka minane nimewaambia watu kuwa mama yake ndiye aliyemlemaza. Ni uongo. Ni mimi!

Najua wengi wenu mtanitukana mkimaliza kusoma. Nitukaneni tu. Nimejitukana kabla yenu, tena kwa maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapisha.

Kwetu ni Bungoma. Mke wangu, Rispa, ni muuguzi, na ndiye aliyetangulia kuja Qatar. Alipata mkataba mzuri, akaruhusiwa kuleta familia, nami nikamfuata. Kwenye kitambulisho changu cha ukaazi, mdhamini aliyeandikwa ni mke wangu. Nilipopanda ndege nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha. Nilipofika ndipo nilipoanza kuugua.

Kuugua nini? Kiburi, ndugu zangu!

Tulipanga Al Thumama, kwenye jumba kubwa lililogawanywa vyumba vya familia kadhaa, ua ukiwa mmoja. Wanaume wenzangu pale uani wakanibandika jina: mume wa viza. Walikuwa wananitania tu, na mimi nilicheka nao. Lakini nikishafunga mlango wa chumba chetu, sikucheka tena. Nilimpiga Rispa.

Akichelewa kutoka zamu, kofi. Akinikumbusha jambo nililosahau, kofi. Nilimsukuma akagonga kabati akiwa na mimba ya miezi mitano! Alizoea kuvaa mikono mirefu hata kwenye joto la Agosti, joto ambalo ukishika kitasa cha gari unaungua. Na mimi nilizoea kuomba msamaha. Nilipiga magoti, nikalia machozi ya kweli, nikanunua kuku wa kuchoma... Kisha baada ya wiki mbili nikarudia palepale.

Binti yetu akazaliwa, tukamwita Nekesa. Wakati huo nilikuwa nimepata kazi kwenye kampuni ndogo ya kufunga viyoyozi. Qatar ilikuwa imeshapewa Kombe la Dunia na mji mzima ulikuwa unachimbwa, kwa hiyo kazi haikukosekana. Nikakabidhiwa pikapu ya milango minne, yenye viti mbele na nyuma, na mizigo nyuma kabisa. Kama kuna kitu nilichojivunia duniani, ni kufunga mizigo. Nilikuwa na mikanda yangu mipana, ile yenye chuma cha kukazia, na hakuna boksi hata moja lililowahi kuanguka kutoka kwenye gari langu. Wahindi wa stoo walikuwa wakiniita niwafungie hata mizigo ya madereva wengine.

Siku za Ijumaa, ambayo ndiyo mapumziko yetu, bosi aliniruhusu kutembea na gari hilo. Nekesa alikaa mapajani pa mama yake, kama tulivyopakatwa sisi sote utotoni kwetu. Nani alijua kiti cha mtoto?

Rispa alijua. Jioni moja alirudi kutoka zamu uso umemsawijika. Walikuwa wamepokea mtoto aliyeponyoka mapajani mwa mama yake gari lilipogonga. Hakunisimulia yote, alisema tu kuwa Nekesa hatapakatwa tena garini. Kesho yake akaenda madukani Al Sadd, akarudi na kiti kipya cha mtoto ndani ya boksi, na kitabu cha maelezo.

Hakuniuliza kwanza. Hilo ndilo lililonichoma! Badala ya kuona mtoto wangu analindwa, niliona mke amenunua tena kitu bila mimi.

Ijumaa ile asubuhi nilikitoa kiti uani ili nikifunge. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wakinywa chai, akiwemo Kizito, Mganda mmoja mlinzi, rafiki yangu mkubwa. Nikakiweka kiti nyuma, nikapitisha mkanda wa gari kijuujuu, nikakipiga kofi la kumaliza kazi. Kazi ilichukua dakika mbili.

Rispa akaja na kile kitabu. Akakitikisa kiti, kikayumba. Akasema kwa upole, na ninaapa alikuwa mpole, "Baba Nekesa, huu mkanda wa juu umebaki. Kwa pikapu inabidi tulaze kiegemeo mbele, kuna kitanzi cha chuma huko nyuma. Unafungwa hapo, ndio kiti kisiruke mbele."

Akakilaza kiegemeo mwenyewe. Huko nyuma ndiko nilikokuwa nimesukumia jeki, spana na vitambaa vichafu. Akaanza kuvitoa kimoja kimoja akitafuta kitanzi, na akakipata! Kilikuwepo muda wote, na mimi dereva wa gari lile sikuwahi kukiona.

Kizito akacheka. "Ssebo, bwana mkubwa, leo injinia ni madamu? Wewe kaa chini unywe chai!"

Wote wakacheka. Ni utani tu, jamani. Hata Rispa alitabasamu. Na ni tabasamu lile nililolipiga.

Nilimpiga ngumi ya mdomo. Si kofi, ngumi! Akaangukia ukingo wa mlango wa pikapu, jino likavunjika, damu ikamchuruzika hadi kwenye kile kitabu. Nekesa, miaka miwili na miezi michache, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Hakulia. Nadhani alikuwa amekwisha kuona mengi.

Kizito aliruka kunishika, nikamsukuma naye. Kisha nikachukua kisu changu cha kukatia maboksi, nikaukamata ule mkanda wa juu, nikaukata. Nikautupia mapajani mwa Rispa pale chini. "Haya, soma tena! Kitabu chako sasa kinasemaje?"

Nikarudisha kiegemeo, nikaleta mkanda wangu wa mizigo, nikauzungusha kwenye kiti cha mtoto na kiegemeo chote, nikakaza chuma hadi plastiki ikalia. Nikatikisa. Hakikuyumba hata kidogo. Nikawaangalia wale wanaume, nikawaambia kuwa mashine za kilo mia zinasafiri kwa mkanda huo, sembuse mtoto!

Kizito alikusanya vikombe akaingia ndani.

Mtaniuliza, kwa nini Rispa alipanda gari lile? Nilimwambia asipopanda nitaondoka na mtoto peke yangu. Basi akapanda. Alikaa nyuma karibu na Nekesa, taulo mdomoni, tukaelekea Al Wakrah, ufukweni, eti familia ikapunge upepo.

Nilikuwa bado nawaka. Niliendesha kama ninayefukuzwa, nikiongea peke yangu, nikimtukana yeye, na wazazi wake, na hospitali yake. Rispa akasema kitu kimoja tu kupitia lile taulo. "Punguza, mtoto anaogopa."

Nikageuka. Ndiyo, mikono yangu ikiwa kazini, mmoja kwenye usukani, mwingine umeinuliwa nyuma nimpige tena! Sikuliona lori la mchanga lililokuwa limepunguza mwendo mbele yangu.

Mlio ule bado ninausikia nikioga, nikila, nikisali na wenzangu kanisani. Kioo kilimwagika chote. Kifua changu kiligonga usukani. Na kile kiti nilichokifunga kwa sifa... Mkanda wangu wa mizigo uliteleza juu ya kiegemeo ukachomoka, kwa maana sehemu ya juu ya kiti haikushikwa na kitu chochote. Kiti kilipinduka mbele na mtoto ndani yake, kikajibana kichwa chini kati ya viti viwili vya mbele. Nekesa alikuwa pale kwenye kiwiko changu. Macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa ananiangalia, na hakuwa anasogeza mguu.

Hospitali walipambana naye siku nyingi. Uhai ulibaki. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia, na miguu haikurudi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye dhambi kubwa kuliko ngumi.

Daktari alitoka akauliza nani alikifunga kile kiti, kwa kuwa kilikuwa kimefungwa vibaya mno. Rispa alikuwa amekaa pembeni yangu, mdomo umeshonwa nyuzi saba, hawezi kutamka neno. Kila mtu pale aliamini jeraha lile limetokana na ajali. Nilimwangalia daktari machoni nikasema, "Mke wangu."

Rispa aligeuza shingo polepole, akaniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka tulikutana wapi.

Usiku huohuo nilimnong'oneza kuwa akifungua mdomo, mimi nitafungwa, na nikitoka jela nitamuua. Nilisema hivyo kando ya kitanda cha mtoto mwenye mipira puani! Akanyamaza. Kampuni ikanifukuza, na Rispa, ambaye angeweza kunifutia ukaazi kwa karatasi moja tu, hakuufuta. Alisema mtoto anahitaji baba.

Nilimpeleka Nekesa Bungoma kwa mama yangu, maana Rispa alilazimika kubaki kazini ili matibabu yaendelee. Mama yangu akauliza imekuwaje, nikamwambia. Akaita ukoo, nikawaambia. Kila nilipourudia uongo ule uliongezeka nyama: Rispa alikuwa na haraka, Rispa alikuwa kwenye simu, Rispa alikataa nisimsaidie... Mwishowe karibu niuamini mwenyewe. Nikarudi Doha, nikapata mdhamini mwingine, nikahamia Al Wakrah kwenye kambi ya madereva. Ndoa ikafa bila mazishi.

Nekesa akakua kwenye kiti cha magurudumu akilishwa hadithi hiyo pamoja na uji. Mama yangu hakuwa mbaya. Alikuwa anaamini mwanawe. Rispa akipiga simu, mtoto alikuwa anageuza uso. Akituma nguo, zilikuwa zinapewa binamu. Mwaka hadi mwaka, na mimi nikijua!

Mwaka huu Rispa alikwenda likizo nyumbani. Aliporudi nilikutana naye kwenye ibada yetu Wakenya ya Ijumaa. Alikuwa amevaa mikono mirefu tena. Nikashtuka, maana ni miaka sikuwa nimemgusa. Alipoinua kitabu cha nyimbo, mkono wa nguo ukateleza, nikaona ngozi imebabuka kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Hakuniambia yeye. Nilimuuliza Kizito, ambaye hadi leo ni jirani yake Al Thumama, naye kwa mara ya kwanza akanijibu bila kunitania hata kidogo. "Ni mtoto wenu. Alimmwagia uji wa moto. Alimwambia, wewe ndiye ulinivunja mgongo."

Niliketi kwenye ngazi za kanisa. Kumbe miaka yote hii sikuwa nimeacha kumpiga Rispa! Nilikuwa nimembadilishia tu mkono. Nilikuwa nampiga kwa mkono wa mtoto wake mwenyewe.

Ijumaa hiyohiyo mchana nikapiga simu ya video nyumbani. Nikamwomba mama yangu akae karibu na Nekesa asikie. Nikawaambia yote. Ngumi, kisu, mkanda wa juu, mkanda wa mizigo, mkono niliouinua tukiwa barabarani, neno nililomwambia daktari. Mama yangu alishika kichwa akaanza kulia, akiita jina la Rispa, akiomba radhi kwa mtu ambaye hakuwepo.

Nekesa hakulia. Ana miaka kumi sasa. Aliuliza, "Baba, kwa hivyo ule uji nilimmwagia bure?"

Ndugu msomaji, ungejibu nini? Mimi nilisema ndiyo.

Akamgeukia bibi yake akasema, "Kukhu, nipe namba ya Mama." Simu ikakatika.

Niwaombe basi, ninyi akina baba mnaobeba familia kwenye magari ya kazi. Kiti cha mtoto si mzigo! Lazeni kiegemeo, tafuteni kile kitanzi nyuma yake, fungeni mkanda wa juu hadi kiti kisisogee, na kama hujui, uliza. Uliza hata mbele za watu wanaocheka. Na kama mke wako anajua kuliko wewe, mshukuru, kwa sababu anayemlinda ni mtoto wako. Na wewe unayeinua mkono nyumbani kisha unaomba msamaha vizuri kama nilivyokuwa nikiomba, acha leo. Usingoje uwe na cha kukiri.

Nawe dada unayeficha alama kwenye mikono mirefu, usipande gari hilo. Mchukue mtoto, ubishe mlango wa jirani.

Nekesa na mama yake sasa wanaongea kila siku. Kizito ananiambia Rispa akimaliza zamu hukaa uani na simu, wanacheka hadi majirani wanamwambia apunguze sauti, na kwamba anatafuta kibali cha kumleta Doha aishi naye. Mimi hupiga kila Ijumaa baada ya ibada. Simu huita hadi inakatika yenyewe. Sijamlaumu mtoto, wala sitamwomba mama yangu anisaidie kumbembeleza. Ijumaa ijayo nitapiga tena, na asipopokea, nitajua yuko na mama yake.