Chupa Yenye Uzi wa Kijani

Chupa iliyoibwa haikuwa na dhahabu, na hilo ndilo lililomtatiza Inspekta Athanas Masele. Geita ya mwaka 1955, mtu akivunja dirisha huwa anafuata dhahabu, au dawa, au pombe. Mwizi huyu alikuwa amechukua vumbi.

"Vumbi la nini?" aliuliza.

"La godoro la mtoto," alijibu Daktari Pereira, Mgoa mwembamba ambaye mvi zilikuwa zimemwota akiwa hukohuko machimboni. "Ninayo chupa kama hiyo kwa kila mtoto ninayemfuatilia tangu kuzaliwa, wa kambi ya mgodi na wa wafugaji vijijini. Wengine wanapata pumu, wengine hawapati. Kuna kitu wanakivuta puani, na miili ya baadhi yao inakikataa. Ndio huo mzio. Nataka kujua ni kitu gani, na kwa nini ni hawa na si wale. Ni kazi ya miaka, Inspekta."

"Na sasa?"

"Sasa kina mama wanasema vumbi la watoto wao linauzwa kwa mganga. Tangu asubuhi wanakuja kudai chupa zao. Wakiondoka hawa, hakuna tena cha kutafiti."

Masele aliingia kwenye chumba cha chupa. Hadubini ilikuwepo mezani. Spiriti ilikuwepo. Kwenye rafu ya juu palikuwa na pengo moja tu, na chupa za jirani zilikuwa zimesogezwa kisha zikarudishwa mahali pake kwa upole, kama mtu aliyehamisha watoto waliolala asitake kuwaamsha. Alama za vidole zilionekana kwenye vioo, nyembamba, lakini hakuwa na za kulinganisha nazo.

Akaenda dirishani. Wavu wa kuzuia mbu ulikuwa umepasuliwa kutoka juu hadi chini. Halafu ulikuwa umeshonwa.

Katika miaka yake yote ya upelelezi hakuwahi kukuta mwizi aliyeshona alipopasua.

"Ameushona kwa ajili ya mbu, Afande," alisema muuguzi, Philomena, nyuma yake. Akafunua pazia. Upande wa pili vilikuwepo vitanda vidogo, na watoto wenye pumu wamelala, vifua vikipiga miluzi.

Konstebo alikuwa amekwisha kumkamata mlinzi, Mzee Nkwabi. Masele alimfuata mahabusu. Mzee alikuwa wa umri wa baba yake, hivyo alimwamkia kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulikuwa wapi usiku wa juzi, chupa ilipoibwa?"

"Kwenye lindo langu."

"Ulilala?"

"Sikulala."

"Basi mwizi ulimwona."

Nkwabi alitazama mikono yake.

"Mzee, usiposema, hakimu atakufunga wewe."

"Na anifunge."

Masele alirudi kwa Philomena, akiwa na hakika kwamba mzee yule alikuwa akimficha mtu mwingine.

"Chupa ilikuwa ya mtoto gani?"

"Wa Bhoke, wa kule kambini. Kina mama wengi hawasomi, Afande, kwa hiyo kila mmoja alichagua uzi wa kufunga shingoni mwa chupa ya mwanawe. Huyu alichagua wa kijani. Mtoto aliitwa Chacha. Pumu ilimbana masika haya, hatukumuwahi."

"Mama yake anafanya kazi gani?"

"Anashona magunia kwenye kinu cha pamba."

Masele aliutazama tena ule mshono dirishani. Uzi mnene wa katani, mshono wa mlazo kama wa mdomo wa gunia, mafundo mawili kila mwisho. Akaelekea kambini.

Bhoke alikuwa Mkurya, aliyefika Geita akimfuata mume mchimbaji. Alimkuta uani, binti yake mdogo yu mgongoni. Alimpa mgeni kigoda.

"Pole kwa msiba, Mama Chacha. Nimechelewa kuja kukupa pole."

"Asante, Afande."

"Usiku wa juzi ulitoka?"

Bhoke alimweka mtoto vizuri mgongoni. Kifua cha mtoto yule nacho kilikuwa kikikoroma.

"Mzee Nkwabi yuko mahabusu kwa ajili ya chupa," Masele alisema taratibu.

Mama aligeuka. "Nkwabi? Amekosa nini?"

"Hajakosa. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Bhoke aliingia ndani. Aliporudi alikuwa amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye kanga. Alikifunua mapajani, uzi wa kijani ukiwa bado shingoni mwa chupa.

"Ni mimi," alisema. "Alipokufa, watu walisema ugonjwa utamrukia mdogo wake. Baba yake akachoma godoro, shuka, hata kikaptula. Nilipotoka msibani nikatafuta kitu cha kumnusa mwanangu, hakuna. Ndipo nikakumbuka chupa."

"Kwa nini hukuomba?"

"Nilimsikia Sista Philomena akisema zinapandishwa treni kwenda Dar es Salaam. Nikaogopa wataninyima. Nikaona mwanangu anasafirishwa peke yake."

Masele alitazama pembeni. Pingu zilikuwa mfukoni. Hakuzitoa.

Kituoni, Daktari Pereira alisikiliza yote akiwa amesimama.

"Sina mashtaka," alisema. Kisha akamgeukia Bhoke. "Nilipaswa kuja kwako baada ya mazishi. Sikuja. Nisamehe."

Bhoke aliishika chupa kwa mikono miwili. "Vumbi hili likifika huko, litamponya huyu wa mgongoni?"

"Sijui, mama. Huenda likaja kuwasaidia watoto wake. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Mama alifikiri. Halafu akaomba kijiko na chupa nyingine. Aliketi sakafuni akagawa, akishikilia pumzi vumbi lisipeperuke, na chumba kizima kikashikilia pumzi pamoja naye. Nusu akampa daktari.

"Andika Chacha," alisema. "Si namba peke yake."

Daktari akaandika.

Masele alikwenda mwenyewe kumfungulia mlinzi. Bhoke alipiga goti mlangoni.

"Baba, kumbe uliniona?"

"Nilikuona."

"Mbona hukupiga kelele?"

Mzee Nkwabi alijikung'uta vumbi la sakafu ya mahabusu, akamwinua.

"Ulikuwa umeifunga ile chupa mgongoni," alisema. "Unashona dirisha, huku unaiimbia ilale. Ningempigiaje kelele mama anayembembeleza mtoto?"