Mgongo wa Shuka

"Naomi, sema tu ukweli yaishe. Si ulifanya kwa mashine?"

Maneno hayo hayakutoka kwa mama mkwe, ndugu zangu. Yalitoka kwa Gabrieli. Mchumba wangu! Mwanaume ambaye nguo ya harusi yetu ilikuwa tayari kwa fundi...

Alinitamkia hivyo mbele ya sebule nzima ya wanawake, mbele ya shangazi yangu, na mimi nimepiga magoti mkekani. Shuka langu limetandazwa katikati kama samaki wa mnada, kila mtu anabonyeza, kila mtu anaguna.

Ngoja niwaeleze vizuri, tangu mwanzo.

Naitwa Naomi. Nafanya kazi Mikumi, duka la Kasiani, pale barabara kuu ambapo malori yanapita mchana kutwa. Kazi yangu ni mashine ya kudarizi, ile ya kompyuta. Nembo za sweta za shule, majina kwenye fulana za wahudumu wa hoteli, tembo na twiga kwenye kofia za watalii... vyote vinapita mikononi mwangu.

Na kila anayesimama pale dukani ana wimbo wake uleule.

"Dada una raha wewe. Unabonyeza tu, mashine inafanya."

Hapo huwa natamani kumrushia mtu bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini! Nani kamchora huyo tembo kwenye kompyuta? Nani kaamua sindano ianzie wapi, nyuzi zilale upande gani ili mkonga uonekane mkonga na si mrija? Uzi ukikatikia katikati ya sikio, nani anairudisha mashine nyuma? Mashine haimjui tembo. Inajua kutoboa tu.

Halafu sikuanzia kwenye kompyuta mimi. Nilianzia kwa bibi yangu, Munisagara.

Bibi alifundishwa kudarizi na mke wa stesheni masta, mama mmoja wa Pwani aliyehamia pale na mumewe enzi ambazo treni ndiyo ilikuwa kila kitu. Yule mama alikuwa anakaa barazani anadarizi kofia za mumewe. Bibi, wakati huo binti mdogo, anamchotea maji huku macho yake yapo kwenye sindano.

"Maua yalipanda treni," bibi alikuwa anatuambia. "Yakashukia hapa hapa Munisagara."

Kutoka kwenye kofia yakahamia kwenye vitambaa vya meza, vitambaa vya makochi, mashuka. Nyumba gani ya kwetu haikuwa na foronya iliyoandikwa "Usiku Mwema"? Wasichana walikuwa wanaazimana michoro, wanaipitisha kwenye kitambaa kwa karatasi ya kaboni, wanatoka hapo na vidole vya bluu.

Bibi alikuwa na sheria moja. Nyuma ya kitambaa kuwe sawa na mbele. Hakuna fundo hata moja.

"Fundo ni uvivu," anasema, halafu anakufumulia yote uanze upya. Nimelia sana juu ya vitambaa vya yule bibi, jamani.

Sasa turudi Chanzuru, kwa kina Gabrieli.

Ukoo wao una desturi yake. Binti anayekuja kuolewa pale analeta shuka alilodarizi mwenyewe, kwa mkono. Wanawake wanalitandaza, wanasifu maua. Kisha wanaligeuza! Wanasema mbele ni kwa ajili ya wageni, lakini mgongo wa shuka ndiyo tabia ya mwenye nyumba. Likipita, vigelegele, harusi inaendelea. Lisipopita, unarudi kwenu na aibu yako na hakuna tena wa kuzungumzia harusi.

Msimamizi wa hiyo kesi ni mama yake Gabrieli, Mama Magreti. Shuka lake la harusi linasifiwa ukoo mzima. Likitajwa tu, watu wanashusha sauti.

Gabrieli aliponieleza nilicheka.

"Shuka tu? Mbona hilo dogo!"

Nikadarizi msimu mzima wa mvua. Mchana naendesha mashine ya Kasiani, jioni nashika sindano. Ndege wawili katikati, alizeti zinapanda pembeni. Gabrieli akinipigia simu ananikuta kwenye kazi hiyohiyo.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Nadarizi shuka letu."

"Pole na kazi, mke wangu."

Kuna siku sindano ilinichoma nikapiga yowe, na yeye akiwa kwenye simu. Akacheka, akaniambia ninyonye kidole. Hilo naomba mlishike, wapendwa. ALIKUWA ANAJUA!

Siku ikafika. Mimi na Shangazi Felista tukapanda basi mpaka Kilosa, tukachukua bodaboda mpaka Chanzuru.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni."

Usoni hakunitazama. Alitazama mfuko niliobeba.

Shuka likatandazwa. Wanawake wakaanza "Aaaah!", nikajisikia vizuri kweli. Mama Magreti akasogea. Akaligeuza, akainama, akapitisha kidole mstari kwa mstari... Akanyanyuka.

"Huu si mkono wa mtu."

Nikadhani ananisifia! Nikatabasamu kama mjinga.

"Tazameni," akaendelea. "Mistari yote imelingana. Nyuma kama mbele, fundo hakuna. Mkono wa mtu unachoka, unapinda. Huu haujachoka popote. Hii ni kompyuta!"

"Eeeh!"

"Si ndiyo kazi yake kule Mikumi?"

"Amebonyeza tu huyo!"

Kubonyeza tena! Lile neno limenifuata mpaka Chanzuru!

"Mama, nimedarizi kwa mkono wangu. Leteni sindano, niwaonyeshe hapa hapa."

"Kushika sindano kila mtu anajua," akanijibu. "Sisi tunauliza hili limeshikwa na nani."

Shangazi Felista akaingilia.

"Wifi zangu, huyu mtoto nimemwona kwa macho yangu akidarizi..."

"Shangazi mtu atasema nini kingine?"

Kuna hasira ambayo siwatakii hata adui zangu. Unafanya kazi vizuri mpaka uzuri wenyewe unageuka ushahidi dhidi yako. Ningedarizi ovyo, mafundo kila mahali, ningepita! Mkono wa bibi yangu, machozi yangu yote ya Munisagara, vimeitwa mashine. Nilitaka kulia, nikakataa.

"Mwiteni Gabrieli," nikasema. "Yeye anajua."

Akaitwa kutoka nje kwenye turubai walikokaa wanaume. Akaingia na suti yake mpya, nikashusha pumzi. Mtu wangu huyo amekuja.

"Gabrieli, mwambie mama. Kila jioni ulikuwa unanisikia kwenye simu nikidarizi. Mwambie."

Akamtazama mama yake. Akatazama viatu vyake.

"Mi mambo ya shuka siyajui..."

"Sijakuuliza mambo ya shuka. Nimekuuliza ulichosikia."

Akachuchumaa pembeni yangu, akapunguza sauti. Lakini kila mtu alisikia.

"Naomi, sema tu ukweli yaishe. Si ulifanya kwa mashine? Omba msamaha, mama ana huruma, atakusamehe."

Atanisamehe! Kwa kosa lipi? Kwa kujichoma sindano ili mwanawe alale kwenye maua?

Nikainamia shuka langu. Mama Magreti akaona nimeshindwa. Akaingia chumbani kwake, akarudi na kitu kimefungwa kwenye khanga. Kabla hajafungua, vigelegele vilishaanza.

Lile shuka lake!

"Ngoja nikuonyeshe mkono wa mtu ulivyo," akasema, akilitandaza juu ya langu. Mawaridi mekundu, majani ya kijani, mistari imeyumba yumba kama ya mtu aliyechoka. "Ligeuze mwanangu, ujifunze."

Nikaligeuza.

Jamani...

Waridi jekundu mbele, nyuma jeupe! Jani la kijani mbele, nyuma jeupe!

"Unaona?" mama mmoja akaniambia. "Hata rangi haijapenya nyuma. Huo ndiyo usafi wa mwanamke wa zamani."

Mimi nikaweka kidole juu ya uzi mweupe. Kwa sababu sindano ya mkono ina uzi mmoja tu, wapendwa. Ukishuka mwekundu, unapanda mwekundu, kwa hiyo nyuma lazima kuwe kwekundu. Mashine ndiyo yenye nyuzi mbili. Wa juu una rangi, wa chini unatoka kwenye bobini, na huo wa chini mafundi tunaweka mweupe. Na ile mistari iliyoyumba? Ni fundi aliyekuwa anasukuma kitambaa kwa mikono chini ya cherehani ya miguu.

Shuka lililokuwa linapima mabinti wa ukoo mzima lilidariziwa na cherehani!

Kidole changu kilikuwa bado juu ya ule uzi mweupe. Nikainua macho. Mama Magreti alikuwa anakitazama kidole, si mimi.

Akajua kwamba nimejua.

"Mama," nikasema, "huu uzi wa nyuma..."

Yule mama macho yake yalikuwa yananiomba, naapa. Mimi nilikuwa na sentensi moja tu mdomoni, na ningeitoa, angevuliwa heshima yake yote mbele ya mawifi na wakamwana aliowahukumu. Na hasira nilizokuwa nazo! Kama mbwai na iwe mbwai!

Lakini nikaiona ile mikono yake imeng'ang'ania ncha ya khanga. Mtu mzima, sawa na mama yangu.

"...uzi wa nyuma ni mzuri, mama," nikamalizia.

Akapumua kwa nguvu mpaka khanga ikamdondoka begani. Akalikunja shuka lake harakaharaka, akainama tena juu ya langu.

"Hebu nilitazame vizuri... Eh! Nilikosea mimi, macho ya uzee haya. Huu ni mkono wa mtu, tena mkono uliofundishwa. Pigeni vigelegele!"

Sebule ikalipuka! Waliosema nimebonyeza ndio hao hao wananikumbatia. Gabrieli naye huyoo, meno yote nje.

"Si niliwaambia? Naomi wangu ni fundi!"

Alimwambia nani? Lini?

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipochoka. Mama yake alinituhumu kwa sababu alikuwa na hofu yake, na alipoona amenionea alirudi nyuma mwenyewe, mbele za watu. Huyu hakuwa na hofu yoyote zaidi ya mama kununa. Alikuwa na ukweli wangu masikioni mwake, akanitaka niutupe ili yeye apate utulivu.

Nikaanza kukunja shuka langu.

"Unakunja ya nini tena?" Gabrieli akauliza. "Si linabaki hapa kwetu?"

"Haliwezi kubaki."

"Naomi, si yameisha jamani? Mama kakubali!"

"Mama kakubali, ndiyo. Lakini hapa mna desturi nzuri sana, Gabrieli. Mnageuza kitu mnatazama mgongo wake kabla hamjakichukua. Basi na mimi leo wako nimeuona."

Shangazi Felista akanyanyuka. Alibeba mkoba wake, akawaaga kwa heshima zote, tukatoka. Kwenye basi ndipo nilipolia, mpaka Mikumi.

Watu walinisema! Eti nimechezea bahati, eti wanaume wenye suti hawaokotwi. Kasiani ndiye aliyeniudhi zaidi.

"Sasa si ungesema tu ni mashine, dada, ukaolewa?"

Siku hiyo bobini nilimrushia kweli.

Mvua za msimu uliofuata zilipokatika, nikiwa nimekaa kwenye mashine natoa nembo za sweta, nikasikia hodi. Naangalia... Mama Magreti!

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikajua amekuja kumwombea mwanawe. Akakaa kwenye benchi, akaitazama mashine inavyokwenda.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ningesema ningepata nini, mama? Gabrieli angebaki yule yule."

Akaweka mkoba wake magotini.

"Mwaka ule naposwa, mvua ilikuwa kubwa, tulikuwa shambani asubuhi mpaka jioni. Kudarizi sikujua. Mama yangu akalipeleka shuka kwa fundi cherehani, Kilosa, karibu na stesheni. Likasifiwa hata ule weupe wa nyuma, wakauita usafi, nikazoea kulionyesha, lakini moyoni niliogopa. Tangu hapo nikiona shuka la binti yeyote, moyo unadunda. Nikawa mkali mimi, nageuza ya wenzangu kwanza. Maana anayegeuza la mwenzake, nani atamgeuzia lake?"

Nilimwonea huruma, siwafichi.

"Na Gabrieli ndiye kakutuma?"

"Gabrieli ana miguu. Angekutaka angekuja mwenyewe."

Na kweli, mpaka leo hajaja.

Kisha akafungua mkoba wake, nikadhani anatoa leso ya kujifuta. Akatoa kitambaa cheupe kipya, uzi mwekundu na sindano.

"Nifundishe, Naomi. Nataka nyuma kuwe kama mbele kabla sijafa."

Huyo ndiye mwanafunzi wangu sasa, jamani! Anakuja na basi la Kilosa siku za Jumamosi, anakaa pembeni ya mashine, ulimi nje, anasukuma sindano. Akifunga fundo namfumulia.

"Fundo ni uvivu, mama."

Anasonya, anaanza upya. Na ameniambia mwenyewe kwamba mkwe mwingine akija, shuka atalipokea lilivyotandikwa, bila kuligeuza.

Dada zangu mnaosoma hapa, mbele kila mtu anadarizi vizuri. Suti, maneno matamu, "pole na kazi mke wangu"... hayo yote ni maua ya mbele. Subiri siku unapotuhumiwa na wewe huna kosa, halafu mgeukie mtu wako, umtazame anasimama wapi. Kilichopo hapo ndicho utakachoishi nacho.

Shuka langu? Lipo. Nimelitandika kitandani kwangu, Mikumi, ndege wawili na alizeti zao.

Nalilalia peke yangu, na nalala usingizi mzuri sana.