Maji Moto ya Anti Jawaya

Hita ya maji ya akina Rugaya ilikuwa imekufa wiki nzima, kisha Ijumaa moja alfajiri ikatoa maji moto bila fundi kuigusa.

Rugaya alikuwa amefungua bomba la bafuni atawadhe, meno yakigongana kwa baridi ya Julai. Yakatoka maji ya uvuguvugu. Akarudisha mikono haraka. Joto lile alilijua. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaosha wanawake waliofariki mtaani kwao, pale Athlone, na hilo ndilo joto alilokuwa akilipima kwa kiwiko kabla ya kummwagia maiti. Halafu akasikia harufu ya kafuri.

"Igsaan," alimwita mumewe. "Njoo unuse."

Igsaan alikuja amejitanda blanketi. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa mizaha.

"Ninuse nini? Hiyo ni rehema ya Mungu. Sogea nioge kabla hayajaghairi."

"Umeme wenyewe umekatika. Tazama taa."

"Basi yalibaki tangini. Mke wangu, jana umeosha maiti, leo kila kitu kinanuka maiti."

Ni kweli, jana yake alikuwa amemwosha Anti Jawaya, bibi kizee wa nyumba ya kona, asiye na mume wala mtoto. Majirani walizoea kumsikia akizungumza na mtu bafuni, na walizoea kumcheka kwa kuvaa sweta tatu hata Desemba, watu wengine wakitafuta kivuli. Siku ya kumwosha, Rugaya alikuta ndoo za maji moto zimeshajazwa. Alipouliza nani kayachemsha, kila mwanamke alidhani ni mwenzake.

Tangu Ijumaa ile Igsaan akawa anaoga asubuhi na jioni. Rugaya yeye alichemsha yake kwenye birika, akaoga kwa kopo jikoni, akivumilia kuchekwa.

Kilichomtia hofu kwanza ni shingo ya mumewe. Alikuwa amempelekea chai chumba cha kushonea, akamgusa kisogoni kama kawaida yake, na mkono ukamruka wenyewe. Mtu aliyetoka nje kwenye upepo huwa baridi juu juu. Igsaan alikuwa baridi mpaka ndani, baridi anayokutana nayo kazini.

"Unaumwa?"

"Sijawahi kujisikia vizuri hivi," alisema, macho yake kwenye kitambaa. Sindano ilikuwa imemwingia kidoleni, imesimama. Hakuwa na habari. Rugaya aliichomoa mwenyewe, akasubiri damu itoke. Haikutoka.

Akampigia simu fundi bomba siku hiyo hiyo.

Denver alifika alasiri, mvua ikinyesha, ngazi begani. "Nisamehe, Anti. Koili za kupashia maji zimeadimika mji mzima. Najua mmeganda."

"Panda tu uangalie, mwanangu."

Alipanda, akaingia kwenye tundu la dari. Rugaya alimsikia akitambaa, akigonga chuma, akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Aliposhuka alikuwa na koili mkononi, vipande viwili, na uso umemparama.

"Anti, nani alifunga maji?"

"Hakuna aliyefunga."

"Tangi limeoza chini. Limekauka, nimeingiza mkono mpaka kwenye bega." Akageuza sikio upande wa bafuni, ambako maji yalikuwa yakimwagika kwa nguvu na mvuke ukipita chini ya mlango. "Sasa Anko Igsaan anaogea nini?"

Juu yao, pale pale alipotoka Denver, sauti ilisema kwa upole, sauti ya mtumishi aliyezoea kusubiri mlangoni: "Maji yako tayari, bibi."

Denver hakuchukua hata ngazi.

Rugaya aliusukuma mlango wa bafuni kwa bega mpaka komeo likang'oka, akapapasa kwenye mvuke ule mzito wa kafuri uliomjaa kooni, akamkuta Igsaan amelala ndani ya beseni kubwa la kuogea, macho nusu yamefumba, anatabasamu, na maji yaliyomzunguka yakiwa moto kiasi cha kumfanya Rugaya apige kelele, ilhali mkono aliomkamata ulikuwa wa baridi kama vigae vya sakafuni.

Akamburuta hadi sebuleni, akamfunika mazulia, akampigia simu Anti Galiema.

Anti Galiema aliwafundisha watoto Qurani, na watu wazima walimwendea wakiguswa na majini. Aliingia akifoka. "Maji yanajipasha yenyewe wiki nzima, nawe umenyamaza?"

"Nilidhani ni kichwa changu, Anti."

"Kichwa chako kizima. Wewe ndiye umeoga kwa birika. Jini hana kuni, Rugaya. Joto analitoa kwa yule yule anayeoga."

Alisimama chini ya tundu la dari, akasoma, kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha kwa ukali. Juu kukawa na kitu kinachosogea, kizito, kikaja kuinama ukingoni mwa tundu.

"Unamtaka nani nyumba hii?"

"Simtaki mtu," ilijibu sauti. "Nampashia bibi yangu maji. Anachelewa."

"Bibi yako nani?"

"Jawaya."

Anti Galiema aliacha kusoma. Alimvuta Rugaya na kumnong'oneza. "Hajui kwamba bibi yake kafa. Alimpoteza siku ile, akafuata mikono iliyomgusa mwisho. Mwambie wewe."

"Mimi? Siwezi!"

"Mumeo anakwisha."

Rugaya aliinua uso kwenye giza la lile tundu, akanyoosha mikono yake ionekane, na akasema kama anavyowaambia wafiwa wote, polepole, bila kuzunguka: "Mimi ndiye niliyemwosha Jawaya. Nilimvisha sanda. Alizikwa Alhamisi ile ile, Mungu amrehemu. Hachelewi. Hatakuja."

Kisha kikaanza kilio, si cha mtu wala mnyama, kilichopita kwenye mabomba yote ya nyumba, jikoni, bafuni, chini ya sakafu, mpaka vikombe vikatikisika kabatini, na dari ikapasuka, na maji ya baridi, baridi tupu, yakawamwagikia vichwani.

Sebuleni Igsaan alikohoa. "Nani kanifunika mazulia? Nakufa kwa joto!"

Rugaya alilia akicheka.

Denver alifunga hita mpya kesho yake mchana, mlango wa mbele ukiwa wazi, kaka yake kamshikia ngazi. Igsaan akarudia mizaha yake.

Alfajiri ya kwanza isiyo na mvua Rugaya alikwenda makaburini kumwombea Anti Jawaya. Nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, isipokuwa kwenye kaburi moja. Hapo udongo ulikuwa mweusi, umelowa, unafuka mvuke. Alichutama, akaweka kiganja. Joto lilikuwa lile la kiwiko.

Akainamisha sikio. Huko chini, bila haraka, mtu alikuwa akimmwagia mtu maji.